Daftari la Hospitali na Kijana wa Chuo

Hotuba ya Mweka Hazina katika mkutano wa mwaka na harambee ya umoja wetu wa watu wa milimani Upareni waishio Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, wachungaji na masheikh mlioko nasi, vijana wetu wa vyuo, ndugu zangu wote wa nyumbani.

Nimepewa dakika ishirini, na Katibu ameshaninong'oneza kwamba chakula kiko tayari. Najua pia kwamba mhasibu akisimama kwenye harambee, watu hushika mifuko yao. Tulieni kidogo. Nitaomba, lakini mwishoni. Kwanza nina jambo la kukiri mbele yenu.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani kama tunavyokwenda wengi wetu. Basi lilinishusha stendi ya Same jioni, gari za kupanda mlimani zimeshaondoka. Pikipiki moja ikasimama mbele yangu, dereva akavua kofia akasema, "Shikamoo, baba mdogo. Panda nikufikishe." Mimi sikumtambua. Yeye alinitambua vizuri. "Mimi ni yule mliyenilipia ada ya chuo," akasema.

Nikakumbuka. Katika vitabu vyetu yupo. Mstari mmoja: msaada wa ada, mwaka wa kwanza. Pembeni kuna alama ya vema, na mwandiko ni wangu. Kihesabu mstari ule umefungwa. Fedha zilitoka, stakabadhi ya chuo ipo, mkaguzi aliridhika. Na kijana mwenyewe yuko stendi anasubiri abiria.

Sidharau bodaboda, maana inalisha nyumba nyingi za kwetu. Lakini huyu alikuwa anasomea ualimu wa hisabati na fizikia, na shule zetu za kata mnazijua. Aliacha mwaka wa pili kati ya mitatu. Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, akanijibu kwa adabu, "Baba mdogo, mlinisaidia mara moja, niliona aibu kurudi kuomba. Na hakuna aliyenipigia simu kuniuliza naendeleaje."

Ndugu zangu, hilo ndilo ninalolikiri. Mimi ndiye niliyepaswa kupiga simu ile.

Karatasi moja

Tuliingia mgahawani tukaagiza chai, akanisimulia yote. Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha pili, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mwili ukaletwa nyumbani, tukazika, tukarudi mashambani. Hakuna aliyewaza habari ya karatasi. Nani anawaza karatasi siku ya msiba?

Alipomaliza kidato cha sita akaomba mkopo wa elimu ya juu. Mnajua Bodi ya Mikopo inavyofanya. Mwombaji aliyefiwa na mzazi huonyesha cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, na hali hiyo huhesabiwa katika kupima mahitaji yake. Akaenda wilayani kutafuta cheti. Akaulizwa tangazo la kifo kutoka hospitali. Akaenda hospitali. Karani akamtafutia faili siku mbili, kwa moyo mzuri kabisa, katika chumba ambacho mafaili yamepangwa hadi sakafuni. Halikuonekana. Nyumbani baba yake aliitwa jina moja, kwenye kadi ya bima jingine, na hakuna aliyejua siku ile mapokezi waliandika lipi.

Ipo njia ya kusajili kifo kilichochelewa, kwa viapo na barua za mtendaji. Lakini njia hiyo ina safari nyingi, na dirisha la mikopo halimsubiri mtu. Akaomba bila cheti. Kwenye maombi yake akaonekana ni mtoto ambaye baba yake yupo. Akapata mkopo usiotosha. Mwaka wa kwanza tukamzibia pengo sisi. Mwaka wa pili hakuna aliyeziba, hakuweza kujisajili, na asiyesajiliwa hafanyi mtihani.

Nilipanda mlima usiku ule nikiwaza habari ya karatasi moja. Leo kwenye ajenda yetu, kumbukumbu za hospitali ni kipengele cha sita na wanafunzi wa vyuo ni cha saba. Kijana yule amenionyesha kwamba ni kipengele kimoja.

Wengi hapa tulikulia kando ya ndiva. Watoto wetu waliozaliwa Tabata na Kimara huenda hawaijui, kwa hiyo niieleze kidogo. Usiku maji ya chemchemi yanaingia ndani ya ndiva, asubuhi inafunguliwa, kila mwenye zamu anamwagilia shamba lake. Ndiva ikiwa na ufa, unaweza kuwa na chemchemi nzuri kuliko zote na asubuhi ukakuta tope. Wazee wetu walipokuta tope hawakukimbilia kutafuta chemchemi nyingine. Waliitisha msaragambo, wakatoa udongo, wakaziba ufa.

Ndugu zangu, sisi tuna chemchemi. Hospitali ipo, ina madaktari na wauguzi wanaojituma. Watoto wetu wanafaulu na kuchaguliwa vyuo vikuu kila mwaka. Tunavujisha.

Hospitali inavuja wapi

Kwa idhini ya uongozi wa hospitali yetu, nilikaa pale siku tatu, upande wa hesabu na mapokezi. Sikufungua faili la mgonjwa yeyote, na sikustahili kulifungua. Niliangalia jinsi karatasi inavyotembea tu.

Kwanza niwatetee wafanyakazi. Muuguzi wa zamu ya usiku anazalisha, anagawa dawa, anapokea majeruhi wa pikipiki, kisha kabla hajaondoka anajaza vitabu vya MTUHA kwa mkono. Akikosea mstari mmoja saa kumi na moja alfajiri, mimi siwezi kumlaumu. Kinachotusumbua pale ni utaratibu.

Majina ni tatizo la kwanza. Kwetu ukiita "Mbwambo" mapokezi, nusu ya benchi inasimama, na ukiita "Mshana", nusu iliyobaki inasimama. Eliezeri huyo huyo ameandikwa Elieza leo na Eliyeza mwezi ujao. Mama mmoja aliniambia mwenyewe kwamba ana mafaili matatu: la jina la kwao, la jina la mume, na la siku aliyoletwa na mtoto wake ambaye aliandikisha jina la ubatizo. Shinikizo lake la damu la miaka yote limegawanyika mara tatu. Daktari anayemwona leo anasoma theluthi moja ya ugonjwa, na dawa iliyomdhuru mwaka juzi huenda imeandikwa kwenye faili lililoko rafu nyingine.

Fedha ndilo tatizo la pili. Hospitali inamhudumia mwanachama wa bima, kisha inapeleka madai kwenye Mfuko. Fomu ikikosa saini, au namba ya ugonjwa, au matibabu yasilingane na ugonjwa ulioandikwa, dai linakataliwa. Huduma imeshatolewa na dawa imeshanywewa, ila fedha haziji. Kihasibu hasara ile haipotei hewani. Anailipa mgonjwa anayefuata, siku atakapoambiwa dawa hakuna, akanunue nje.

Chukueni mfano, na nasema ni mfano tu wa kwenye karatasi. Fomu tano zikikataliwa kila siku ya kazi, kila moja ya shilingi 20,000, hiyo ni shilingi 100,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 2,200,000. Kwa mwaka ni 26,400,000. Watani wetu husema Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Haya, huyu hapa kuku wetu. Mbona hatumfuatilii? Na tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipopitishwa mwaka 2023, mwelekeo wa nchi ni kwamba wagonjwa wengi zaidi watakuja na kadi badala ya fedha mkononi. Hospitali isiyojua kujaza fomu itakuwa na wagonjwa wengi na kabati tupu.

Tatizo la tatu ndilo la kijana wetu. Mtoto anazaliwa wodini, mama anaondoka bila tangazo la kizazi, au analipewa likiwa na jina lililokosewa. Mzee anafariki, familia inaondoka na mwili bila tangazo la kifo. Karatasi hizi mbili hakuna anayezililia siku ile. Zinaliliwa miaka kumi na minane baadaye, kwenye dirisha la mkopo, kwenye mirathi, kwenye mafao ya mjane.

Nini kifanyike? Tumekaa na uongozi wa hospitali na tumekubaliana mambo manne, hakuna hata moja la ajabu. Kila mgonjwa awe na namba moja ya kudumu, iandikwe kwenye kadi yake, na faili lipangwe kwa namba badala ya jina. Faili likitoka rafuni, pabaki kadi inayosema limekwenda chumba gani na nani amelichukua. Kila jioni namba tatu zilinganishwe: wagonjwa walioandikwa kitabuni, stakabadhi pamoja na misamaha na fomu za bima, na cheti za dawa zilizohudumiwa dirishani. Zisipolingana, sababu itafutwe siku ile ile, kabla watu hawajasahau. La mwisho, hakuna mama wala maiti kuondoka hospitalini bila tangazo lililosomwa kwa sauti mbele ya ndugu, jina kwa jina.

Najua vijana watauliza habari ya kompyuta. Serikali inao mfumo wa GoTHOMIS kwa ajili ya vituo vya afya, na sisi tunautaka. Lakini kompyuta ukiipa majina matatu ya mama mmoja, itakutunzia wagonjwa watatu. Tuweke namba sawa kwanza. Halafu tununue betri, kwa sababu umeme wa mlimani mnaujua wakati wa mvua.

Na jambo moja la kuwatoa hofu. Umoja wetu hautaona faili la mtu. Taarifa za mgonjwa ni siri yake, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sisi tutaletewa jumla tu: mafaili mangapi yamepewa namba, madai mangapi yamekataliwa na kwa nini.

Chuo kinavuja wapi

Sasa vijana wetu. Miaka yote tumeamini kwamba mwanafunzi akilipiwa ada, kazi imekwisha. Nimezungumza na wanafunzi wetu walioko hapa, na wengine walioacha, nao wamenifundisha kwamba mtu anaanguka chuoni kwenye sehemu ndogo ndogo zinazojulikana.

Anaanguka wiki za mwanzo, kabla bumu halijaingia. Amefika na begi na nauli, chumba kinadai, chakula kinadai. Anaanguka kwa kutosaini fedha za mkopo kwa wakati, labda alikuwa amelazwa, labda amerudi nyumbani kwenye msiba, na fedha zisizosainiwa zinarudishwa Bodi. Anaanguka kwa sapu moja ambayo hakumwambia mtu. Binti anaanguka kwa ujauzito, na badala ya kuandika barua ya kuahirisha masomo, anaondoka kimya, na aliyeondoka kimya chuo kinamhesabu ametoroka. Mwingine amepangiwa mkopo mdogo, na hajui kwamba kuna dirisha la kukata rufaa.

Kila moja ya haya, akijua mtu mzima mmoja mapema, lina dawa. Nani anajua? Mzazi yuko mlimani na hajawahi kuona chuo. Sisi tuliosoma tuko mjini, na tuna stakabadhi kwenye faili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeisema methali hii kwa wateja wangu miaka mingi, nikidhani mali ni fedha. Kuanzia mwaka huu, kamati imeridhia, kila mwanafunzi wetu atakayekubali atakuwa na ukurasa wake katika daftari la umoja. Ukurasa huo utauliza mambo machache: anasoma nini, yuko mwaka wa ngapi, amejisajili semista hii, amesaini mkopo, ana sapu, na mlezi wake ni nani. Mlezi atampigia simu mara mbili kila semista, wiki ya tatu na wiki moja kabla ya mitihani. Haihitaji fedha. Inahitaji vocha na moyo.

Pili, tutakuwa na mfuko mdogo wa kuvukia. Mwanafunzi akikwama kwa ada au usajili, tunalipa moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo. Akikwama kwa chakula wiki za mwanzo, tunampa kiasi, na anarejesha bumu likiingia. Atakayeshindwa kurejesha akiwa chuoni, atarejesha akianza kazi. Fedha inarudi kwenye ndiva ili mwenye zamu inayofuata amwagilie.

Tatu, hili ni lenu wazazi, na ninaomba mlipeleke nyumbani hata kama mtasahau mengine yote. Mtoto akiingia kidato cha tano, anza kutafuta karatasi zake. Cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kifo cha mzazi, kama amefiwa. Linganisha jina lilivyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, una miaka miwili ya kurekebisha bila presha. Ukisubiri matokeo ya kidato cha sita, una wiki chache, na uko kwenye foleni na nchi nzima.

Nne, vijana wenyewe. Likizo ndefu ijayo, hospitali imekubali kupokea wanafunzi wetu wachache, hasa wa uhasibu, takwimu na kompyuta, wafanye mafunzo kwa vitendo masjala, chini ya msimamizi na baada ya kula kiapo cha kutunza siri. Watayapa namba mafaili ya zamani. Babu zetu walifanya msaragambo wa udongo. Nyinyi mtafanya msaragambo wa karatasi.

Swali la mzee

Kwenye kamati, mzee wetu mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza, "Mwanangu, kwa nini tusijenge wodi? Wodi inaonekana. Mgeni rasmi anakuja, anaweka jiwe la msingi. Rafu za mafaili ataziona nani?"

Ni swali la haki. Umoja huu umejenga, na majengo yale yanatuheshimisha hadi leo. Nilimjibu hivi, na namjibu tena mbele yenu. Mzee wangu, wodi tuliyonayo inamtibu mtu ambaye faili lake halionekani. Tukijenga ya pili, tutakuwa na sehemu mbili za kulitafutia. Tukiziba ufa huu, hospitali itapata fedha zake inazodai kihalali, na wodi ya pili huenda ikaanza kujijenga yenyewe. Mzee alicheka, akasema, "Basi uje na hesabu mwakani." Nitakuja nazo.

Ninachoomba

Bajeti kamili iko ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki, kila kitu na bei yake. Kwa hospitali tunahitaji rafu za chuma, folda na kadi, betri ya masjala, na mshahara wa mkataba wa karani mmoja wa kumbukumbu, ambaye hospitali itamwajiri yenyewe mwaka utakaofuata. Kwa wanafunzi tunahitaji mtaji wa mfuko wa kuvukia.

Naomba kila mmoja wetu mwenye kipato aahidi shilingi 10,000 kwa mwezi, kwa miezi kumi na miwili. Mwenye uwezo zaidi Mungu ambariki, aandike zaidi. Nawaomba pia watu wa namna mbili ambao hawahitaji kutoa hata senti. Wauguzi na makarani wastaafu mliopo, twendeni nyumbani mtusaidie wiki moja tu. Na nyinyi mnaoishi au kufanya kazi karibu na vyuo, Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Arusha, Mbeya, Mwanza, jiandikisheni kuwa walezi. Fomu ziko meza ile ya mlangoni, kwa yule mama mwenye kitenge cha kijani.

Mtaniuliza yule kijana yuko wapi. Tulianza upya habari ya cheti, kwa viapo, kwa barua ya mtendaji, kwa ndugu wawili waliokuwepo mazishini. Cheti kimepatikana. Chuo kimemwambia aombe upya, na mkopo pia ataomba upya. Sijui kama atapata. Ninavyosema sasa bado yuko stendi ya Same, na mkishuka basi mnaweza kukutana naye. Lakini sasa ana ukurasa kwenye daftari letu, na mlezi wake ni mimi.

Mwakani nikisimama hapa, msikubali niwasomee shilingi peke yake. Niulizeni: wangapi walianza mwaka, wangapi wamebaki, na walioondoka wameondokea wapi. Niulizeni madai mangapi ya hospitali yalikataliwa mwaka huu na mangapi mwaka uliopita. Nikikosa jibu, mnajua la kufanya na Mweka Hazina, katiba yetu inawaruhusu.

Mungu awabariki, na aibariki milima yetu. Katibu, chakula.